Jani Nililolipokea kwa Mikono Miwili

Alhamisi. Mbingu imefunga tangu asubuhi, na mvua haishuki. Hata wasukuma mikokoteni wa mtaa wetu, ambao kelele ni sehemu ya kazi yao, leo wamepita Kariakoo bila kumtania mtu.

Ninyi mnaoufungua ukurasa huu mnanifahamu kwa sauti kabla ya maandishi: mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti katika harusi za watu. Nimeona kamati zikikusanya michango miezi na miezi, ukumbi ukashiba usiku mmoja, na maharusi wakarudi kwenye chumba kisicho na godoro. Ndiyo maana niliapa kwamba yangu haitakuwa hivyo.

Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Shangazi yake Gerald, mchumba wangu, ana nyumba ya wageni Pangani, nayo haina wapangaji kipindi hiki. Basi dogo moja la kukodi, Costa, lingetuchukua sote kwenye kituo cha Gerezani alfajiri. Samaki wangenunuliwa hukohuko, kanisa ni dogo, maua ni ya uani. Hakuna kamati, hakuna sare, hakuna keki ya ghorofa. Niliondoa hata sherehe ya kuagwa nyumbani, kwa hoja kwamba tutaagana huko huko tukiisha kufika.

Nilijivunia mpango huo. Leo unanitisha.

Ami Nasoro, ambaye duka lake la mashuka limepakana na duka la vitenge la wazazi wangu, hajaacha kunichokoza tangu alipousikia. "Bi harusi, mnamkimbia nani hata mkafungie ndoa Pangani? Mie biriani ya kualikwa nitaila wapi?" Watu hucheka. Baba naye alikuwa akicheka. Siku hizi hutabasamu tu, kisha huangalia chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Tangu masika pumzi yake imepungua. Tunaishi ghorofa ya tatu juu ya duka, na kila ngazi zinapokata kona yeye husimama, akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Juzi nilimpita pale. Simu ilikuwa imezimwa.

Hospitali hataki kusikia. "Wakinipima watanilaza," alimwambia Mama, "na nyumba yenye mgonjwa haichezi ngoma. Mtoto aolewe kwanza." Mama alinisimulia hayo kwa sauti ya chini, nami nikaona ni ukaidi wa kawaida wa wazee. Akili yangu ilikuwa kwenye Costa ya kukodi.

Leo tulipokuwa tukila mchana, Baba aliuliza swali moja: "Huko Pangani, hospitali iko umbali gani kutoka hapo mtakapofikia?"

Nikajibu kama nilivyozoea kujibu ukumbini. "Baba, tunakwenda kuoana, hatuendi kulazwa!"

Mama alicheka kidogo. Baba hakucheka.

Alipomaliza kunawa alitoka kwenye roshani. Huko, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, ameotesha sale aliyoileta kutoka Kilimanjaro, mmea wenye majani marefu kama ndimi. Akarudi na jani moja, amelipiga fundo katikati. Akaniita kwa jina langu lote la ubatizo, jambo asilolifanya. "Mwanangu, pokea."

Nilipiga goti, nikalipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Ahsante, Baba." Akashusha pumzi ndefu, akaenda kuketi roshani.

Mimi ni mzaliwa wa Kariakoo. Uchaga wangu ni wa likizo za Desemba. Nilidhani ni baraka ya safari. Nilifikia hata kuwaza kwamba jani lile lingependeza likifungwa pamoja na maua yangu.

Mama alinikuta jikoni nikilitia majini lisinyauke. Akaniuliza kama nililipokea. Nikamwambia ndiyo. Kwa mikono miwili? Ndiyo.

Akaketi kwenye kigoda.

"Basi umekwisha kumsamehe," alisema. "Jani la sale ni la kuombea radhi, mwanangu. Mtu akikuletea, hata kama amekuchomea nyumba, hukatai. Na ukilipokea, neno limekwisha."

"Nimsamehe nini? Baba amenikosea nini?"

Mama alifunika uso kwa kanga. "Kwamba Pangani hatafika."

Hakusema kwamba hatasafiri. Alisema hatafika, nami sikuwa na ujasiri wa kuuliza tofauti yake.

Nimeketi na neno hilo tangu alasiri. Mzee amemwomba radhi mtoto wake kwa kosa ambalo hajalitenda, kwa kuwa mtoto alipeleka mlango wa harusi mahali ambapo mapafu ya baba yake hayafiki. Nilihesabu kila kilichokuwa ghali, nikasahau kuuliza ni nani asiyeweza kubebwa na mpango wangu. Nami nikasema ahsante.

Lakini kama jani halikataliwi, basi halikataliwi na yeyote. Nimempigia Gerald, nikamweleza yote. Akasema, "Pangani ipo tu, Neema. Shangazi ataelewa." Nitakata jani langu, nilipige fundo, nipige goti mbele ya Baba, na nimwombe mambo mawili: hospitali kwanza, kisha anitoe kwa mkono wake katika mlango huuhuu wa ghorofa ya tatu, hata kama wageni watasimama kwenye ngazi. Atalazimika kupokea.

Nilikusudia kufunga kwa kuandika kwamba nitafanya hivyo kesho. Siiamini kesho kiasi hicho.

Adhana ya magharibi imekwisha. Kiti cha Baba huko roshani hulia kila anapojigeuza, na nimekuwa nikikisikiliza muda wote ninaoandika.

Sasa kimenyamaza.

Ninachukua kisu. Ninakwenda.