Baba, Nimemwona Anayeliendesha Gari Lako

Baba yangu,

Jumamosi iliyopita nilimwona mwanamke ameinamia injini ya gari lako. Alifumba macho, akalaza kichwa upande wa kushoto na kuweka kidole kimoja mdomoni ili watu wanyamaze, apate kusikiliza. Ni vile vile ulivyokuwa ukifanya wewe. Nilijua siku nyingi kwamba huyo mwanamke yupo. Sikujua kwamba amekubeba hivyo mwilini mwake.

Nakuandikia kwa sababu huu ni mwaka wa tatu umelala hapa Lodwar, na nikija kaburini huja na mama. Mbele ya mama siwezi kusema kwamba nina wivu. Mimi, muuguzi mkuu wa wodi, mama wa watoto watatu, namwonea wivu fundi wa magari. Basi nasema hapa, na anayetaka kusikia asikie.

Unakumbuka siku gari lilipofika nyumbani? Padri mmoja alikuwa anahama Lokichoggio, akakuuzia 504 yake nyeupe, ile ndefu ya familia yenye safu tatu za viti. Ulikuja nayo una vumbi mpaka kwenye kope. Ulipiga honi langoni na mama akatoka na mwiko mkononi.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Yetu," ukasema.

Wewe, mwalimu wa hesabu ambaye hukuwahi kusema maneno mawili pale ambapo moja lingetosha, siku hiyo ulisema "yetu" mara tatu, na kila mara ukagonga paa kwa kiganja.

Likizo ulitupeleka Longech kununua samaki. Watoto wanne kwenye kiti cha nyuma kabisa, madirisha wazi, upepo wa ziwa ukitupiga usoni, na wakati wa kurudi samaki wakavu wamefungwa juu ya paa, harufu yao imetangulia kuingia mjini. Tukipita Kalokol hatukukosa kukwama mchangani mara moja. Sote tulishuka, hata mama, tukasukuma huku yeye akicheka na kupoteza kiatu. Ndugu yangu Ekai na wadogo zake walikuwa wanalala njia nzima. Mimi sikulala hata siku moja. Nilikuwa naangalia mkono wako wa kushoto ukishusha na kupandisha ile gia ya kwenye usukani, na mkono wangu ukifanya hivyo hivyo juu ya goti langu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokuomba. Boneti ilikuwa wazi, nami nimeshashika plagi moja kabla hujanikataza.

"Baba, nifundishe."

Ulitoa leso yako, ukanipangusa vidole kimoja kimoja, bila hasira. "Hii mikono ni ya kalamu, Akiru. Wacha grisi."

Sikuomba tena. Mlinilea nisikie mara ya kwanza, na nilisikia.

Halafu ukastaafu, gari likaharibika Kakuma, na ukaanza kwenda huko kila wiki. "Naenda kuona gari," ulisema, na mwezi wa kwanza tulikuelewa. Mwaka ulipokatika, wanawake sokoni wakaanza kumwangalia mama kwa huruma. Siku moja mama alipanda gari la watu akaenda Kakuma mwenyewe bila kumuaga mtu. Jioni alirudi, akavua viatu, akakaa.

"Kuna mwanamke," akaniambia. "Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, mjane. Wanamwita Mama Furaha. Nimemkuta chini ya gari, babako amepiga magoti anampitishia spana. Anamfundisha kazi." Kisha mama akacheka mpaka akajifuta machozi, akaenda zake kuchambua mboga.

Mimi sikucheka. Heri angekuwa mpenzi wako, Baba. Mpenzi ningemchukia kwa ajili ya mama. Huyu nilimchukia kwa ajili yangu mwenyewe.

Hukuniuliza kwa nini niliacha kukusindikiza stendi. Nawe hukuniambia jina lake hata siku moja. Ulirudi na grisi kwenye kucha, ukanawa, ukala, ukaniuliza habari za wodi. Nilikujibu kwa ufupi kama ulivyonifundisha.

Ulipotutoka, gari lilibaki kule. Ekai alisema, "Hayo ni mabati tu, wachana nayo." Nikaachana nayo kwa mdomo tu.

Sasa mwezi huu wakaja watu wa 504. Kumbe wana kikundi chao, Baba, watu wazima kutoka Nairobi, Kitale na Eldoret, wanaopenda gari moja kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Kikundi kimetimiza miaka kumi, wakaamua kusherehekea kwa kusafiri hadi kwetu. Waliingia Lodwar wakiwa na magari karibu thelathini, mengine yameng'arishwa mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Wangeenda Kakuma kwa chakula cha mchana na sherehe, kwa sababu walisikia kuna 504 ya familia inayotunzwa na fundi mwanamke. Mume wa mwenzangu wa kazini ni mwanachama, akaniambia kuna nafasi kwenye gari lake. Nilipanda. Njia nzima wao waliimba, na mimi nilipanga sentensi moja.

Gereji yake ni mabati manne na turubai, pembeni ya barabara ya kwenda Lopur. Gari lako lilikuwa katikati, jeupe, safi, boneti juu. Wanaume wazima walilizunguka wakinong'ona kama wako kanisani. Mama Furaha alikuwa amevaa kitenge kipya juu ya ovaroli. Si mrembo, Baba, na si mdogo. Nilitamani awe mmoja kati ya hayo mawili, nipate pa kushika.

Mwenyekiti wao, mzee mmoja mnene kutoka Eldoret, alimpa cheti na kumwomba aseme neno.

"Miye nilifikaka hapa sina kitu," akasema. "Ule mzee njo alinifundishaka hii kazi. Aliniitaka binti yake. Hii gari si ya miye, ni ya Mzee. Miye ninaichunga tu."

Watu wakapiga makofi. Nami nikasikia sauti yangu ikitoka, kali kuliko nilivyoipanga.

"Binti yake ni mimi. Naomba ufunguo."

Makofi yalikatika. Mwenyekiti alianza kusema, "Mama, pole pole," lakini Mama Furaha alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. Alinipa ufunguo kwa mikono miwili, akarudi nyuma.

Niliingia. Nilikaa kwenye kiti chako mbele ya watu hamsini. Nilijua kila gia, Baba, mkono wangu uliijua tangu utotoni, lakini miguu haikuwahi kufundishwa. Gari langu la kazi hujibadilisha gia lenyewe, halina klachi. Nikapiga stata, injini ikaitika mara moja, nikaweka gia ya kwanza, na gari likaruka kama mbuzi aliyekanyagwa, likazima. Nikajaribu tena. Likazima tena. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

Mama Furaha akaja dirishani. "Dada, achia klachi polepole..."

"Usiniite dada," nikamwambia.

Aliondoka hapo. Nilidhani amekwenda zake, lakini alizunguka, akafungua mlango wa pili, akakaa kando yangu na kufunga kioo. Watu wakaelewa, wakaenda kwenye chakula.

"Unafikiri alinifundisha sababu ya kunipenda?" akaniuliza. "Gari ilizimika hapo barabarani. Miye nilikuwa na spana za bwana yangu, marehemu. Nikafungua boneti. Mzee akasema, 'Wacha, mama, hiyo si kazi yako.' Sikuacha. Akakasirika. Sikuacha. Kama ningengojea aniruhusu, ningekuwa ninangojea mpaka leo."

Mimi niliomba mara moja, nikatii miaka thelathini.

"Na weye unafikiri nilikuwa na raha?" akaendelea, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na hasira. "Kila wiki, Akiru, Akiru. Akiru ameshona mtu tumbo akapona. Akiru amepandishwa cheo. Miye niko chini ya gari, mafuta inanidondokea kwa macho, ninasikia Akiru. Siku moja nilimuuliza, 'Mzee, hii yote unamwambiaka yeye?' Akasema, 'Anajua.' Nilikuchukia kabla sijakuona."

"Hakuwahi kuniambia hata moja," nikasema.

"Basi na miye hakuniitaka binti kwa mdomo. Nilimsikia akimwambia mtu mwingine."

Tulikaa, wanawake wawili ndani ya gari lililozimwa, joto linatuchemsha, kila mmoja ameshika makombo uliyomwachia mwenzake. Nilikasirika nawe, Baba, kuliko nilivyowahi kukukasirikia ukiwa hai. Mapenzi yote hayo ulikuwa nayo, ukawa unayapeleka kwa mtu asiye mwenyewe.

Kisha akasema neno ambalo nilikuwa naliogopa tangu niingie gerejini. "Mbele ya maziko nilikupigiaka simu."

Ni kweli. Alipiga. Alitaka niandike barua ya mwaliko, maana bila barua hangepata kibali cha kutoka kambini kuja Lodwar. Nilisikia jina lake, nikasikia kilio chake, nikakata simu. Alipiga mara ya pili nikazima simu kabisa. Nilimwambia mama kwamba chaji imeisha. Tulikuzika bila yeye, na mimi niliona nimeshinda.

"Nilisikia ni wewe," nikamwambia. "Nilikata makusudi."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Aliinama, akaushika mguu wangu wa kushoto kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye klachi.

"Achia," akasema. "Polepole. Ungojee usikie inakuvuta."

Nilizungusha gari lako gerejini mara nne, Baba. Lilizima mara mbili. Nikamrudishia ufunguo, kwa sababu gari linajua mikono yake na mimi bado sijajua miguu yangu. Naenda tena mwezi ujao. Ekai anasema nimerogwa.

Jana mama na mimi tulikaa mezani kuandika ile barua ya mwaliko, miaka mitatu baadaye. Inatakiwa kueleza mgeni ana uhusiano gani na marehemu. Niliandika "fundi wake". Nikafuta. Nikaandika "rafiki wa familia". Mama alikuwa anashona kifungo, hakuinua macho. "Karatasi itaisha," akasema.

Nikaandika "binti". Usifikiri ilikuwa rahisi. Niliandika haraka, kama mtu anayejidunga sindano mwenyewe, na mpaka sasa nikiliona lile neno pamoja na jina lake natamani kulifuta. Sijapona wivu. Nimechoka tu kuuficha.

Kibali kikitoka, atakuja Jumanne. Mama atampikia. Nitampeleka kwako mimi mwenyewe, nimwoneshe ulipolala, halafu nitasogea pembeni ili aongee nawe peke yake.

Sitasogea mbali sana.

Pumzika, Baba. Ejok, yote mema.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Akiru