Neno Alilouliza Mama Yako

Shamba la Gillbank, Cumbria
3 Februari 1991

Binti yangu Hester,

U mzima huko? Mimi nipo, ila goti limekuwa kaidi tangu theluji ianguke. Mbwa naye anachechemea, basi tunakwenda sambamba.

Nina swali. Unalipwa kutunga kamusi, na sijawahi kukuuliza neno hata moja. Benki wameandika tena, na neno lao ni lile lile, mortgage. Kazi yake naijua: tuliweka shamba rehani ili tulinunue kwa mwenye ardhi aliyetupangisha, sasa riba imepanda, sufu hainunuliki, nami sijalipa miezi minane. Ninachotaka ni asili yake. Limetoka wapi?

Usiniulize kwa nini. Nimechoka kuulizwa.

Baba yako

Oxford
9 Februari

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka chumba chenye baridi kuliko zizi lako. Sijambo, kikohozi tu. Goti lipake ile dawa ya farasi, najua unayo.

Neno hilo lilikuja na wale waliotoka Ufaransa zamani wakaiteka nchi yetu, wakatuachia lugha yao mahakamani. Maana yake ni rehani mfu. Jaji mmoja wa kale alieleza hivi: usipolipa, ardhi imekufa kwako, ukilipa, rehani imekufa kwa aliyekukopesha. Lakini nimechimba zaidi. Kulikuwa na rehani nyingine, iliyoitwa hai. Mkopeshaji alichukua mazao ya shamba, na kila alichochukua kilipunguza deni, mpaka likaisha na shamba likarudi kwa mwenyewe. Kwenye ile mfu alikula mazao, na deni likabaki palepale.

Baba, miezi minane? Mbona hukusema? Nina akiba kidogo. Nakuja Pasaka.

Mwanao, Hester

Gillbank
2 Machi

Hester mwanangu,

Natumaini kikohozi kimekuachia. Huku kondoo wa kwanza atazaa wakati wowote, na macho yangu hayafunguki vizuri kwa uchovu.

Akiba yako kaa nayo. Nitakwambia kwa nini niliuliza. Siku ya kutia saini mama yako alivaa koti lake la kanisani. Kalamu mkononi, akamwambia bwana wa benki, "Samahani, hili neno hasa maana yake nini?" Yule bwana akacheka. Nami nikacheka naye. Nikasema, "Annie, tia saini, mtu ana kazi zake." Akatia. Hakuliuliza tena mpaka tunamzika. Naona aibu hadi leo.

Jana nilikwenda kwa meneja mpya wa benki na ile rehani yako hai. Nikamwambia wachukue wanakondoo kila mwaka, deni lipungue, waniache na malisho yangu mlimani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bwana Fearon, sasa sisi tutawaweka wapi hao wanakondoo?" Hakuwa na utani hata kidogo. Afadhali angenicheka.

Baba yako

Oxford
16 Aprili

Baba,

Salamu, na samahani. Sikupaswa kukupigia kelele Pasaka yote, tena mezani pa Mama. Nilikasirika kwa sababu niliogopa.

Lakini sikiliza neno langu moja. Benki wakiuza shamba, wauze mlima na kondoo pamoja. Wewe ndiye uliyenifundisha: hawana uzio, kila jike humwonyesha mwanawe mpaka wa malisho, naye akikua humwonyesha wake. Ukiwahamisha wataishi wapi? Waambie benki hivyo. Tafadhali nijibu.

Mwanao, Hester

Kendal
14 Septemba

Hester,

Hujambo? Nimekaa kimya kirefu, najua, na barua zako zote nilizipata. Benki wameuza shamba.

Nimepewa nyumba ya halmashauri. Ina joto, na goti limeshukuru. Mlima umechukuliwa na watu wa kupanda miti. Kondoo wamekwenda kwa mkulima wa bondeni. Niliwaambia benki ulivyosema. Wakajibu kwamba kondoo ni kondoo.

Baba yako

Kendal
11 Novemba

Hester mwanangu,

Salamu nyingi. Nakula, nalala, usihangaike.

Jumanne yule mtu wa miti alinipigia simu. "Bwana Fearon, kuna kondoo kumi na tisa langoni pa mlima, wana alama yako nyekundu." Nikapanda basi. Ni maili kumi na nne kutoka bondeni, Hester, na barabara kuu wameivuka. Aliyewaongoza ni yule jike kikongwe ambaye mama yako alimnyonyesha kwa chupa kando ya jiko. Walikuwa wamesimama kwenye uzio mpya, pua kwenye waya, wakitazama juu.

Nikakaa nao. Nikamjibu mama yako pale pale, kwa sauti, yule mtu akisikia. Nikamwambia neno limetoka wapi, na la jaji, na kwamba ilikuwapo ile nyingine iliyo hai. Nikamwambia lilikuwa swali zuri, na kwamba nilipaswa kuliuliza mimi.

Halafu lori la mkulima likaja. Kikongwe aligoma kupanda, basi nikambeba mwenyewe.

Baba yako