Shemeji Kaja Kumchukua Pipa

Ijumaa. Mvua imekatika, imeacha joto la kunata na matope mpaka kizingitini. Nasri anaota meno, hakulala, kwa hiyo na mimi sikulala. Leo nimejaa dharau. Sina neno lingine.

Ya kwanza ni ya shemeji Hamadi, kaka yake mume wangu.

Mnaosoma hapa siku zote mnawajua mbwa wangu. Kwa mgeni: Pipa ni jibwa la ulinzi, kichwa kama sufuria ya pilau. Mume wangu alimleta akiwa mdogo, kwa sababu yeye ni dereva wa lori na huku Kerege nyumba zimeachana. Sindano na Uzi ni mbwa wa mbio, wale wembamba wenye kiuno cha nyigu. Niliwakuta wamefungwa kwenye banda la kuku. Bwana aliyekuwa akiwashindanisha na wa wenzake alihama, akawaacha kama viti vibovu. Mvua ikinyesha wanatetemeka, nawavalisha masweta ya zamani. Kifuniko cha sufuria kikianguka wanajibanza nyuma ya Pipa. Asipokuwepo, chakula hawagusi.

Jirani huniuliza, "Mama Nasri, hao unawalisha au chakula unawaonyesha tu?" Namwacha acheke.

Shemeji hachekagi. Yeye hutoa mawaidha. Mbwa ni najisi, malaika hawaingii. Nguo zangu za kuswalia ziko kando, mbwa hawavuki mlango, vyombo vyao viko uani, na bado ananifundisha kama nimesilimu jana.

Leo kaja na pikapu na kamba. Anamtaka Pipa akalinde kiwanja chake cha Mapinga, eti matofali yanaibiwa.

"Shikamoo shemeji. Si ulisema mbwa ni najisi?"

"Marahaba. Wa ulinzi ana ruhusa. Hao wako wembamba ndio anasa."

"Na wa kuwinda ana ruhusa."

"Hawa? Watawinda nini, mende?"

Kisha akasema, huku anakunjua kamba, "Mumeo ameshanipa. Hajakwambia?"

Hajaniambia.

Sasa nitazamieni akili ya mtu mzima: anakuja kubeba mbwa akiwa njiani kwenda swala ya Ijumaa, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Pipa hata hakubweka. Kamba ilipomgusa shingo alimwegemea shemeji kwa uzito wake wote, ndivyo anavyosalimia, akampaka mate kuanzia kiunoni mpaka gotini. Shemeji akaganda, mikono juu, kama aliyeshikwa na polisi. Adhana ikaanza.

"Udongo upo, shemeji," nikamwambia. "Maji nakuletea. Mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, si unajua?"

Kaondoka bila mbwa, bila kuaga. Nilicheka mpaka Nasri naye akacheka na meno yake mawili.

Halafu nikampigia mume wangu, na kicheko kikaisha.

"Ni kaka yangu, ningemkataliaje? Si unabaki na wale wawili?"

"Wale wawili wanaogopa kifuniko."

"Basi uwe unafunga mlango mapema."

Funga mlango mapema! Huyu anajua kwamba mwezi uliopita watu walitikisa geti letu, mimi na mtoto peke yetu ndani, na Pipa ndiye aliyewatimua. Nilimsimulia kwa simu. Leo matofali ya kaka yake yapate mlinzi, mkewe na mwanawe wapate komeo.

Nimemwambia Pipa hatoki hapa, na kaka yake akirudi atanikuta mimi getini, si mbwa. Akasema mtandao unasumbua.

Mtandao.

Shemeji namdharau bila taabu, napumua vizuri tu. Lakini huyu mwingine nampenda, na dharau haikai vizuri juu ya mtu unayempenda, inachoma huku na huku. Pipa habanduki, hilo limeisha. Ninachojiuliza ni kimoja: Jumapili akishuka kwenye lori, nikitoka kumpokea mzigo wake, nitatoka na uso gani?