Hita ya Mama Isizimwe

Baba watoto,

Nimewahi zamu. Chai iko kwenye chupa. Hita ya chumbani kwa mama yako isizimwe. Ya sebuleni zima ~~ukitoka~~ sasa hivi, inapasha joto makochi matupu.

Asubuhi nimemkuta mama amelala na koti na viatu. Nikadhani anasafiri. Kumbe juzi alikusikia, na mdomo wako huo, ukiilalamikia bili ya umeme, akazima hita yake na kuamua kuganda kimyakimya. Kwa kile kikohozi chake tumelisingizia vumbi bure.

Ukishaoga fungua dirisha la bafuni, ukuta umeota ukungu.

Koti nimeliviringa nikaziba chini ya mlango wake, ndipo baridi inapopenyea. Akilidai, mwambie humu ndani limeshapata kazi nyingine.

Mama watoto