Kilio Kilichozuiwa Jikoni

Jumanne. Joto la kunata, upepo hakuna, na mbu wameanza kabla ya magharibi.

Naandika kwa herufi zangu za Kiarabu, za chuoni, hizi hizi nilizochapiwa fimbo. Atakayeona mwandiko mbaya aandike wake.

Leo ilikuwa hitima ya binti yangu Mwajuma. Tulimzika juzi hapa Mchinga, mwanawe hayupo. Mwanawe ni Zuhura, yaya katika nyumba ya Mzungu wa bomani, Lindi. Habari tulimpelekea kwa dereva wa lori.

Kwetu sisi, aliyekosa maziko haingii matangani kimya. Anaanza kulia akiwa bado njiani, kule mwanzo wa minazi, na wanawake waliomo ndani wakimsikia wanatoka, wanampokea kwa kilio. Hapo ndipo msiba unapokuwa umemfika na yeye.

Zuhura aliteremka kwenye lori, akaja kimya kama aliyetumwa chumvi.

Mama zake wadogo walipomwona wakatoka, wakakianzisha wao. Naye akaweka kidole mdomoni.

"Shhh."

Uwanja mzima ukanyamaza. Mtoto wa juzi anawanyamazisha watu wazima kwenye msiba wa mama yake mzazi! Jirani yetu Bi Tausi akasema, makusudi asikike, "Mzungu huyo kaja. Mpeni kiti."

Nilimvuta mkono hadi nyuma ya nyumba. "Mke mwenzangu, huko Lindi umekwenda kulea watoto au umekwenda kusomea utovu wa adabu?"

"Imenitoka tu, Bibi. Pale kazini siku nzima ndiyo hiyo."

Akanieleza. Sisi tuna "nyamaza", tuna "kelele!", na mtoto mchanga tunamwimbia. Wazungu wana hiyo moja, wanaipeleka kila mahali. Fupi, ukigonga sahani bwana amelala mchana. Ndefu ya taratibu, na kupigapiga mgongo, ya kumlaza mtoto. Nyingine wanaambiana wenyewe kwa wenyewe wakiwa na siri, huku wanacheka. Hata mbwa ana yake. Nikasema, watu gani hawa, wanalaza watoto kwa sauti ya nyoka?

Hakucheka.

Akasema habari ya mama yake ilimkuta jikoni. Dereva alimwambia mpishi, mpishi akamwambia yeye. Akafungua mdomo. Kilio kimeshafika kooni, memsahibu akatokea mlangoni, kidole mdomoni: shhh. Mtoto wake alikuwa na homa, ndiyo kwanza amepata usingizi. Memsahibu hakujua kilichotokea. Alipoambiwa alimshika bega, akampa ruhusa ya kuja.

"Nilishakimeza, Bibi. Sasa nakitafuta, sikipati."

Mimi sina subira. Nilimrudisha hadi mwanzo wa minazi, nikamwambia aingie upya, kama inavyotakiwa. Nikaanza mimi kulia njiani, ili afuate. Wanangu wakatoka kutupokea. Hata Bi Tausi na ulimi wake ule alitoka, akalia kweli.

Zuhura akafungua mdomo. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, kinakuja.

Ikaja ile ndefu. Shhh, shhh. Akanikumbatia, akanipigapiga mgongo, mimi, mama wa marehemu, kama mtoto wa Mzungu mwenye homa.

Nikanyamaza.

Naona haya kuiandika, lakini nilitulia kweli. Tangu juzi hakuna aliyenibembeleza. Wote wananiuliza mchele uko wapi.

Na yeye, nani amembembeleza?

Sasa amejilaza kwenye mkeka wa mama yake, macho makavu, na keshokutwa anatakiwa kazini. Nimeshaamua, haendi. Memsahibu atafute mwingine wa kumlazia mwanawe. Huyu wangu atakaa hapa, apike, achote maji, agombane na mimi akitaka. Sijui kilio kitamjia lini. Kikimjia sokoni, alie sokoni. Kikimjia watu wamo msikitini wanasali, alie hivyo hivyo. Nami nitasimama pembeni yake, nimwone huyo mwenye kidole cha kuinua.