Siku Mbili na Gari Jeusi la Mzee Chilumba

Jumamosi, mwezi wa saba. Asubuhi ilikuwa baridi, sasa jua limetulia juu ya kijiji chetu cha Mkotokuyana na mimi nimekaa barazani, simu mapajani. Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio, maana nikiachia furaha ishike usukani nitaanzia mwisho.

Mimi ni mkulima wa ufuta na korosho. Nina miaka arobaini na mbili, na udereva nimejifunzia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kaka yangu Hamisi. Watu wa aina yangu wakiuza ufuta wanaezeka bati au wananunua pikipiki. Mimi nilitaka viti vya ngozi. Nakiri bila aibu. Nilitaka mlango ambao ukiufunga unatoa sauti ndogo tu, kama milango ya magari ya wakubwa.

Gari lenyewe ni jeusi, la kifahari, la Mzee Chilumba wa Ruangwa. Huyu mzee ni dereva mstaafu, miaka thelathini amewaendesha mabosi, na alipostaafu akajinunulia gari kama lao. Sasa macho yamechoka, anauza. Kuna mteja mwingine wa Lindi ambaye hela yake iko tayari. Lakini mzee ana utaratibu wake: hauzi gari kwa mtu ambaye halijalala kwake. Unaondoka nalo, linakaa kwako siku mbili, kisha anakuja mwenyewe kuona mmeishije. Akiridhika mnasaini, asiporidhika anaondoka nalo. Watu wanamcheka. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Alhamisi nikafika nalo nyumbani, bodaboda wa pale njia panda wakanipigia honi mpaka nikaona haya. Nililiosha mara mbili siku hiyo hiyo. Jana nikaenda nalo kununua chumvi, duka lenyewe liko hatua sitini kutoka kwangu.

Chumvi ninayo ya mwezi mzima.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Jana jioni nililiegesha pembeni ya mikorosho ili jua la asubuhi lisiunguze viti, na vioo nikaviteremsha vyote ili viti vipumue. Viti vipumue! Mkulima mzima, mwezi wa saba, nikasahau kwamba leo ni zamu yetu ya kupuliza salfa. Kila anayeishi na mikorosho anaijua kazi hii: alfajiri kabla ya upepo, mashine mgongoni, unga wa njano unapanda mpaka majani ya juu. Hamisi alianzia upande wa pili wa shamba, kama nilivyomwagiza kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila leo upepo uliwahi kuamka, na ukaja upande wetu.

Nilipotoka, gari jeusi lilikuwa la njano. Nje si neno, nje panaoshwa.

Ndani.

Viti vya rangi ya maziwa, usukani, matundu ya kiyoyozi, mpaka mikanda. Hamisi akavua barakoa, akachungulia, akasema taratibu, "Dada, angalau mwaka huu halitapata ubwiriunga." Ubwiriunga ndio huo ugonjwa wa mikorosho tunaoupulizia salfa. Nilitamani kumzaba kofi. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikachukua kitambaa, na kila nilipofuta ndivyo unga ulivyozidi kuingia kwenye mishono.

Nikiwa bado nimeinama humo ndani, bodaboda ikamshusha Mzee Chilumba uani. Kanzu nyeupe, kofia safi. Sitadanganya, uongo nilikuwa nimeshauandaa: vumbi la barabarani. Lakini salfa inanuka, na yeye pia ana mikorosho.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akalizunguka gari, akafungua mlango, akapitisha kidole kwenye kiti na kukinusa.

"Binti yangu, umepuliza na viti?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya chumvi. Hakucheka. Akafunga mlango taratibu, na mimi tayari nilikuwa namwona yule mtu wa Lindi amekaa kwenye kiti changu. Roho iliniuma hasa. Kisha akasema, "Nirudishe nyumbani. Tutaongea huko."

Nikamtandikia khanga kiti cha mbele. Yeye akaichukua ile khanga, akafungua mlango wa nyuma, akaitandika huko, akakaa. Miaka yote hiyo, akasema, nyuma hajawahi kukaa hata siku moja.

Niliendesha kama nimebeba trei za mayai. Kila shimo nalinyatia, kila tuta naliomba radhi. Tulipoiacha Nachingwea nyuma nikaiba jicho kwenye kioo cha ndani: kichwa kimeegemea dirisha, kofia imeshuka puani, mdomo wazi. Amelala fofofo.

Nilifika mlangoni kwake Ruangwa, sikusimama. Nikapita, nikazunguka sokoni, nikapita stendi, nikarudi, nikapita tena. Niseme kweli, nusu ilikuwa kumwonea huruma asiamke. Nusu nyingine ni kwamba nilijua ndiyo mara yangu ya mwisho kuushika usukani ule.

Mzunguko wa tatu akaamka. Akaangalia nje, akaiona nyumba yake inabaki nyuma. Nikajiandaa kusemwa.

"Miaka thelathini nawaona kwenye kioo wamelala," akasema. "Sikujua kumbe ni raha hivi."

Akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga yangu.

"Zunguka tena mara moja, mwanangu, halafu tuingie ndani nikakupe kadi ya gari lako."

Nilizunguka mara mbili.