Shahidi wa Itetemia

Tabora, 9 Machi 1975

Mdogo wangu Ghalibu,

Salamu nyingi kutoka Itetemia. Mama anakula vizuri. Lile paa ulilonizibia halijavuja hata tone, na mvua za mwaka huu unazisikia huko gerezani.

Eda ya marehemu mume wangu imekwisha. Siku ya kwanza kutoka nje sikwenda sokoni wala kwa shangazi, nilikwenda maktaba. Nilitaka kujua sheria inasemaje juu ya mtu aliyefungwa kwa kuchoma ghala la tumbaku la kijiji cha Ipole, ilhali siku ya moto alikuwa juu ya paa la dada yake, na hakuna aliyemwona ila dada huyo.

Vitabu vya sheria vyote ni vya Kiingereza. Mkutubi, Benedikta, alinitafsiria na mimi nikaandika. Tulipofika kwenye mashahidi nikamwambia, "Rudia hapo." Akarudia: shahidi asiyeweza kufika mahakamani, hakimu anaweza kuagiza asikilizwe hukohuko aliko.

Kumbe wangeweza kuja kunisikiliza nyumbani, Ghalibu! Siku za kesi yako mimi niko ndani, naogopa maneno ya watu, nawe ukaniambia, "Kaa eda yako, dada, haki haipotei."

Siku za rufaa zimepita. Benedikta anasema tunaweza kuomba ruhusa, tueleze sababu ya kuchelewa. Karatasi ya maombi ninayo tangu juzi. Pale pa sababu sijui niandike nini zaidi ya jina langu.

Dada yako,
Semeni